Kiatu cha matundu matatu hakishiki kwenye pedeli ya SPD, hata ukaze vipi

Swali limetoka kwa kijana wa Tabata, Dar, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Nimepata baiskeli ya resi ya mtumba, imekuja na pedeli ndogo za chuma za Shimano, zinabana pande zote mbili, hazina hata pa kukanyagia. Juzi soko la Karume nikaokota viatu vya baiskeli vikali sana, chini vina kiplastiki chekundu cha bolti tatu, ila nikikanyaga havishiki, vinateleza tu. Jamaa mmoja wa kundi letu kasema nilegeze springi, mwingine kasema kliti zimeisha nitafute nyekundu mpya maana nyekundu ndo za wanaoanza. Nikitafuta kliti mtandaoni naletewa njumu za mpira. Mi naendesha Tabata mpaka Posta siku za kazi, Jumamosi tunaenda Bagamoyo. Ninunue nini?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi ni kwamba springi haina kosa na kliti hazina kosa, hivo viatu na hiyo pedeli havijuani kabisa, na hata ungenunua kliti nyekundu mpya kesho zingeteleza vilevile. Kwanza acha kujaribu jaribu. Kiplastiki kikiteleza kwenye chuma ukiwa umesimama juu ya pedeli, unaangukia fremu, na wewe ni mwanaume unaelewa ninachosema.

Hilo la njumu limenichekesha ila lina sababu yake, kwa Kiingereza zote zinaitwa jina moja, za mpira na za baiskeli. Njumu ya mpira imeota kwenye soli na kazi yake ni kung'ata majani. Kliti ya baiskeli ni kipande kinachojitegemea, unakifunga mwenyewe kwa bolti chini ya kiatu, na kazi yake ni moja tu, kuingia kwenye mdomo wa pedeli na kukaa humo mpaka uzungushe kisigino kwenda nje ndo kitoke. Kwahiyo unanunua vitu vitatu sio viwili: pedeli, kliti, kiatu. Kliti inafuata pedeli. Kiatu kinafuata kliti, kwa matundu yake. Wewe umeanza na kiatu, kama wengi tu, maana kiatu ndo kinachopendeza pale mezani.

Sasa tuongee matundu. Geuza kiatu chochote cha baiskeli uangalie soli. Ukikuta mifereji miwili mirefu iliyokaa sambamba, katikati, chini ya pale unapokanyagia kwa nguvu, hicho ni kiatu cha bolti mbili, na kliti yake ni kipande kidogo cha chuma ambacho mara nyingi kinazama ndani ya soli, ukitembea hakigusi sakafu sana. Ukikuta matundu matatu yamekaa pembetatu kwenye soli laini isiyo na meno, hicho ni kiatu cha barabarani, kliti yake ni plastiki kubwa inayotokeza nje, ukitembea nacho unatembea kama bata kwenye vigae. Kuna na ya matundu manne, hiyo ni ya Speedplay, huku kwetu ni nadra, ukiikuta kwenye mtumba iache tu. Na kuna viatu vichache vina matundu mawili na matatu kwa pamoja, vile vya kutalii na vya baiskeli za jimu, hivo ukivikuta na vinakutosha vichukue haraka kabla mwenzio hajageuza soli.

Pedeli yako kwa ulivyoieleza, ndogo, ya chuma, inabana pande zote mbili, ni ya mfumo wa SPD, wa bolti mbili. Shimano waliutoa mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani, watu wa kushuka na kubeba baiskeli kwenye matope, ndo maana kliti ikafanywa ndogo na ikafichwa kwenye soli. Kiatu chako ni cha upande wa pili wa familia, uliotokana na Look wa Ufaransa, ambao walikuwa watu wa vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, mwaka 1984 wakaleta ufundi uleule kwenye baiskeli, na mwaka 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa na pedeli zao. Kabla ya hapo mguu ulikuwa unafungwa kwa kile kikombe cha chuma na mkanda, na kile kikombe ndo kiliitwa klipu, kwahiyo hizi mpya zikaitwa klipulesi, yaani zisizo na klipu, japo ndo zinabana kuliko zote. Usijisumbue na hilo jina, limechanganya watu tangu hapo.

Hapa naomba uwe makini maana ndo panapokula hela za watu. Shimano wana SPD na wana SPD-SL. Muuzaji atakuambia "hii SPD hii" kwa zote mbili na hatakuwa anadanganya kwa makusudi, anasoma tu herufi tatu za mwanzo. SPD ni ile ndogo ya bolti mbili. SPD-SL ni ya bolti tatu, plastiki. Haziingiliani hata kidogo. Halafu ndani ya bolti tatu kwenyewe bado kuna makabila: SPD-SL ya Shimano, Look Keo, na ile Look Delta ya zamani. Zote tatu zinafunga kwenye kiatu kimoja, matundu ni yaleyale, lakini kliti ya mmoja haikai kwenye pedeli ya mwingine. Mi mwenyewe niliwahi kuuziwa Delta nikiwa na pedeli ya Keo, duka silitaji, jamaa aliziweka kwenye mfuko vizuri kabisa, nikafika nyumbani nikafunga, nikaenda kusukuma mlangoni nikiwa nimeshika ukuta, nikakanyaga mpaka mke wangu akatoka kuangalia nani anavunja geti. Delta ni pana zaidi, ukiziweka pamoja na Keo unaona, ila ukiwa na moja tu mkononi huwezi kujua.

Na rafiki yako wa kliti nyekundu. Hajakosea, ila kasema nusu. Rangi ya kliti inakuambia mguu wako una uhuru kiasi gani wa kucheza kushoto na kulia kabla haujachomoka, uhuru huo unapimwa kwa digrii. Kwa Look Keo, nyeusi ni 0, kijivu ni 4.5, nyekundu ni 9. Kwahiyo kwa Look nyekundu kweli ndo ya mwenye kuanza, goti linapata nafasi. Sasa njoo kwa Shimano SPD-SL: njano ni 6, bluu ni 2, nyekundu ni 0. Umeona? Nyekundu ileile. Kwa huyu ndo iliyo huru kuliko zote, kwa yule ndo iliyofungwa kama msumari. Mtu akienda dukani akasema tu "nipe nyekundu" anaweza kurudi na kitu kitakachompa maumivu ya goti kabla hajafika Tegeta. Kutofautisha kwa macho, kliti ya Keo plastiki yenyewe ina rangi, wakati ya Shimano mwili ni wa giza na rangi iko kwenye vile vipande vya pembeni vinavyogusa chini. Zako ukizisugua uchafu utaona ni ipi, ingawa kwa sasa haikusaidii, maana pedeli yako hata moja ya hizo haiitaki.

Basi una njia mbili. Ya kwanza, ubaki na pedeli utafute viatu vya bolti mbili na kliti za SPD. Ya pili, ubaki na hivo viatu vikali vya Karume ubadilishe pedeli uweke za bolti tatu. Kuna na ya tatu ambayo watu watakuambia, vile vibao vya kubadilisha tundu tatu kuwa mbili. Vipo kweli, ila kliti ya chuma inakaa juu ya soli laini badala ya kuzama, unakuwa umeinuka, na ukishuka kutembea unakanyagia kichuma kimoja kidogo kwenye vigae. Mi simshauri mtu.

Kwa safari zako nachagua ya kwanza bila kufikiria mara mbili. Hebu jifuate mwenyewe asubuhi: unatoka Tabata, Buguruni unasimama, unaingia Uhuru unasimama, Ilala Boma daladala inakuchomekea unashusha mguu, Karume watu wanavuka na mizigo kichwani unashusha mguu, Mnazi Mmoja tena, ukifika Posta unabeba baiskeli kwenye ngazi za jengo, mlinzi anakwambia peleka kule nyuma. Hiyo yote ufanye na plastiki imetokeza chini ya kiatu? Ile plastiki inaliwa na lami, na ikiliwa sana inaanza kuchomoka yenyewe usipotaka. Kliti ya SPD ni chuma na imejificha, unatembea nayo mpaka kwa mama ntilie unakaa unakula hakuna anayejua. Siku ya Bagamoyo, ile tofauti ya uzito na ugumu wa soli ambayo wenzio wa karboni watakuringishia, kwa mtu wa mwendo wako wala huioni. Na ntakuambia kitu wengine hawapendi kusikia, faida kubwa ya kubanwa mguu sio kwamba unavuta pedeli juu kama pampu ya maji, faida ni kwamba mguu haupotei. Mvua ya Aprili ikupige Mapinga, barabara ina matuta, mguu uko palepale.

Njia ya pili ningekubali kama ungekuwa unaendesha Jumamosi tu, asubuhi na mapema, Mwenge kwenda Bagamoyo na kurudi, hushuki mpaka kwenye madafu. Kama ukija kuamua hivo baadaye, habari njema ni kwamba pedeli zinahama, nyuzi za karibu baiskeli zote za watu wazima ni saizi moja, wanaiita tisa ya kumi na sita, yaani inchi 9/16. Ila mwambie fundi, au jikumbushe mwenyewe: pedeli ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume. Unafungua kwa kuzungusha upande wa kulia, kama unakaza. Nshaona krenki (ile mikono inayoshika pedeli) za alumini zimeliwa meno zote kwa sababu fundi wa mtaani kazoea spana yake na nguvu zake, anakaza huku anadhani anafungua, halafu anasema chuma cha Wazungu siku hizi feki.

Haya, viatu. Utarudi Karume, najua, na mi sikukatazi, viatu vya baiskeli vya mtumba vinakuja vizuri tu ukijua pa kuangalia. Cha kwanza, viatu vingi vya bolti mbili vinatoka kiwandani mifereji imefunikwa na kipande cha raba. Ukigeuza unaona kama raba ya kawaida ya mazoezi, muuzaji mwenyewe hajui ni ya baiskeli, bei inakuwa ya raba. Angalia kama kuna mstari umezunguka kama umechorwa pale chini ya kidole gumba, huo unakatwa kwa kisu, au kwa wengine kuna viskrubu vidogo, chini yake ndo mifereji. Kimsingi hapo ndo pa kuokota.

Cha pili, bonyeza soli kwa dole gumba kwa nguvu, hasa kisiginoni na ncha ya mbele. Viatu vikikaa miaka kwenye boksi au kwenye kontena lenye joto na unyevu, soli za aina ile ya povu zinakufa zenyewe bila kuvaliwa, zinakuwa kama andazi la juzi. Kwa nje kipya, hata vumbi hakina, unatoka nacho kilomita tano soli inabaki Buguruni wewe uko Ilala. Ikiacha unga kidoleni au ikipasuka ukiikunja, rudisha mezani, usibembelezwe na bei.

Cha tatu, nenda na bolti moja ya kliti mfukoni. Ingiza kwa vidole kwenye kila tundu, tundu zote nne za viatu vyote viwili, izunguke mizunguko mitatu minne bila kulazimisha. Tundu zenye nyuzi ziko kwenye kibati kilichokaa ndani ya soli, chini ya ile soli ya ndani inayotoka. Toa ile soli ya ndani uchungulie. Kibati kikiwa na kutu kidogo sio mbaya, kikiwa kimeliwa nyuzi ndo tatizo, japo kwa baadhi ya viatu kibati kinatoka na unaweza kupata kingine. Bolti ya zamani iliyoganda na kliti ya mtu mwingine, hiyo usiingie tamaa ya "ntaifungua nyumbani", kile kitundu cha alenki (spana ya pembe sita) kikishajaa mchanga na kutu kinazunguka bure, utaishia kutoboa kwa drili.

Saizi. Usisome tu namba, 43 ya mmoja ni 42 ya mwingine. Geuza ulimi wa kiatu usome sentimita, wengi wanaandika. Kwa Shimano 43 ni 27.2, kwa mfano. Pima mguu wako nyumbani umesimama juu ya karatasi, kisigino ukutani, na upime jioni, baada ya kazi, maana mguu wa saa moja asubuhi na mguu wa saa kumi wa Dar ni watu wawili tofauti, joto linauvimbisha. Kiatu cha baiskeli hakikunjiki kama raba, kwahiyo hakitapanuka kikuzoee. Kisigino kisipande ukiinua mguu, vidole viweze kucheza mbele, na pembeni kwenye ule mfupa wa kidole kidogo pasibane kabisa. Sisi tuliokulia ndala na peku miguu yetu imetanuka mbele, na viatu vingi vya Kiitalia vimechongwa kama mtumbwi, mtu anavaa saizi moja juu ili upana umtoshe halafu urefu unamzidi, kliti inakaa pasipo pake. Afadhali utafute vilivyoandikwa wide, Shimano wanatoa hata hivo vya mguu mpana. Ukifika kilomita ya thelathini vidole vinakufa ganzi au chini panawaka moto, mara nyingi ni kiatu kimebana, sio ugonjwa. Kuhusu kufunga, mkanda wa kunata unatosha, kile kitufe cha kuzungusha ni kizuri mpaka kikwamie mchanga wa Coco, kamba nazo ni nzuri ila uzichomeke ndani zisije zikaingia kwenye cheni.

Kliti usinunue mtumba. Hiki ni kitu cha kununua kipya. Za SPD za Shimano ziko za aina mbili unazohitaji kuzijua, moja inaitwa SH51, nyeusi, inatoka ukizungusha kisigino tu. Nyingine SH56, inatoka na kwa pembe nyingine, hata ukivuta mguu juu kwa nguvu na kuupinda kidogo inakuachia. Watu wa mbio wanaidharau hiyo 56 kwa sababu ukisimama ukivuta inaweza kukuachia usipotaka. Wewe wa Buguruni anza na 56, ukishazoea miezi kadhaa hamia 51. Kwa mwingine anayesoma, pedeli ikiwa na jina lingine, mfano Wellgo, angalia kliti zao, nyingi zinaendana na SPD ila zingine zinabana kwa ubishi. Na ikiwa imeandikwa Crankbrothers au Time, kiatu kilekile cha bolti mbili kinafaa lakini kliti ni zao wenyewe, za SPD haziingii.

Kufunga sasa, hapa ndo magoti yanapookolewa. Vaa kiatu, tafuta kwa kidole ule mfupa uliotokeza nyuma ya dole gumba, weka alama ya peni pembeni ya kiatu. Fanya hivohivo kwa mfupa wa kidole kidogo upande wa nje, utaona alama ya nje iko nyuma kidogo ya ile ya ndani. Ekseli ya pedeli ipite katikati ya alama hizo mbili. Ukishindwa kuamua, rudisha kliti nyuma sio mbele, ikiwa mbele sana misuli ya nyuma ya mguu na ule mshipa wa kisigino ndo vinalipa. Kwa mwelekeo, kaa juu ya meza miguu ining'inie, angalia vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Mimi wa kulia unaenda nje kidogo kama polisi wa zamu, wa kushoto umenyooka, na kliti zangu ziko hivohivo, hazifanani. Ncha ya kliti inaangalia mbele. Paka grisi kwenye bolti, tafadhali, hii ni pwani, chumvi ya hewa na jasho linalotiririka mpaka kwenye soksi vinaigandisha bolti ndani ya miezi michache tu, halafu utarudi kwangu na drili. Kaza na alenki ya 4, vitabu vinasema 5 mpaka 6 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kama huna spana ya kupima basi ingiza upande mfupi wa alenki kwenye bolti, kaza kwa kiganja mpaka kiganja kiseme imetosha, usiikanyagie. Kaza kidogo kidogo bolti hii na ile kwa zamu. Ukirudi safari ya kwanza kaza tena, zinajikalisha.

Springi ndo ile aliyosema jamaa yako. Pembeni ya mdomo wa pedeli kuna skrubu ya alenki ya 3, kila upande wa pedeli yake, kwahiyo jumla nne. Zilegeze zote kwa mwanzo, na kila moja hesabu inalia tik tik mara ngapi ili zilingane, mtu anazungusha mbili anasahau mbili, halafu anashangaa siku nyingine mguu unatoka vizuri siku nyingine unagoma.

Na kuanguka utaanguka. Mi nilianguka kwenye taa za Morocco, nimesimama kabisa, mwendo sifuri, mguu umebanwa, nikaenda chini polepole kama mnazi, konda wa daladala ya pembeni akapaza sauti "pole mzee, umeshukia hapohapo?" gari zima likacheka. Ili iwe mara moja tu na sio kila wiki, fanya hivi: shika ukuta nyumbani, ingiza na utoe kila mguu mara hamsini bila kwenda popote. Halafu uwanjani, kwenye majani. Barabarani toa mguu wa kushoto, kabla hujafika, mita ishirini huko nyuma, sio ukishasimama. Nasema kushoto kwa sababu sisi tunapita kushoto, ukingo wa barabara uko kushoto, na ukielemea kulia unaelemea kwenye magari. Ukishautoa wa kushoto na uzito wako upeleke kushoto, kuna watu wanatoa wa kushoto wanaegemea kulia, nimeona kwa macho yangu.

Kama hata hiyo inakutisha kwa foleni ya Buguruni, kuna pedeli za Shimano zenye SPD upande mmoja na upande mwingine flati ya kawaida, EH500 ni mojawapo. Siku za kazi unakanyaga upande wa flati na kiatu chochote, Jumamosi unageuza. Ukizipata kwa bei inayoeleweka ningekwambia ziweke hizo hata leo, halafu hizo ndogo za pande mbili uuze.

Hivo viatu vya matundu matatu usivitupe. Kwenye kundi lenu lazima kuna mtu ana pedeli za barabarani na mguu kama wako, muulize kabla ya safari, mbadilishane au avinunue. Tena mwambie awahi kabisa kuzisugua hizo kliti aone rangi iko kwenye mwili mzima au pembeni tu, na pedeli zake ni za nani. Na we ukienda Karume Jumapili, fungua pedeli moja ya hizo zako uiweke kwenye begi pamoja na ile bolti, alenki ya 4 na kisu kidogo cha kukatia raba, ukimaliza na muuzaji ukatie palepale uone mifereji ipo kweli kabla hujatoa hela.